Dawa za upara na nywele kunyonyoka: ukipigwa au ukiumia, malalamiko yako yanafika kwa nani? (Uzi mrefu)

MzeeKipara (mleta uzi)

Wakuu habari zenu. Humu haipiti wiki bila mtu kuulizia dawa ya upara au ya nywele kunyonyoka, na majibu ni yale yale: huyu anataja mafuta, yule vidonge, wa tatu anasema "njoo inbox". Leo sijaleta dawa. Nataka tujadili kinachotokea baadaye, mtu akishapigwa hela yake au akishaumizwa na hiyo dawa. Analalamika wapi, na nani anayasoma hayo malalamiko?

Nitatumia sana mifano ya Marekani na Ulaya kwa sababu wao huweka mafaili yao hadharani, na pia kwa sababu bidhaa nyingi za mtandaoni zinajinasibu kwa jina la FDA, yaani mamlaka yao ya chakula na dawa.

Julai 1989 FDA ilitoa kanuni fupi lakini nzito. Bidhaa yoyote ya kupaka inayouzwa bila cheti cha daktari na kudai inaotesha nywele au inazuia zisinyonyoke inahesabiwa kuwa dawa mpya, na hairuhusiwi sokoni mpaka ithibitishwe kama dawa. Wakataja na viambato kwa majina: mafuta ya jojoba, lanolini, salfa, yurea, mafuta ya kiini cha ngano, vitamini C, bayotini na vitamini nyingine zote za kundi B. Angalieni chupa zenu za bafuni. Mengi yanayosifiwa leo kama ugunduzi mpya yalishakataliwa kwa maandishi tangu wakati huo.

Kwa upara wa kurithi FDA imethibitisha dawa mbili tu. Ya kwanza ni minoksidili ya kupaka. Ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu, watu wakaota nywele wasikotarajia, ndipo ikageuzwa ya kupaka: kwa wanaume 1988, kwa wanawake 1991, na tangu 1996 inauzwa bila cheti. Ya pili ni finasteridi ya kumeza, miligramu 1, iliyopitishwa 1997 kwa wanaume peke yao. Alopesia areata, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia vinyweleo na kuacha mabaka, ni habari nyingine kabisa na una dawa zake kuanzia barisitinibu ya mwaka 2022. Hizo nazo zimebandikwa onyo zito la maambukizi, saratani na damu kuganda, kwa hiyo si vitu vya kuagiza kwa simu.

Sasa muuzaji mjanja anapitaje? Geuza chupa. Mbele, kwa herufi kubwa, umeahidiwa nywele zitakazoonekana zimejaa. Nyuma kabisa, kwa herufi za kulazimisha macho, wamesema bidhaa haikusudiwi kutibu ugonjwa wowote. Ile ahadi uliyoinunua haipo kwenye chupa. Ilikuwa kwenye video na kwenye shuhuda za watu.

Mfano unaonikera kuliko yote ni wa WEN. Haikuwa hata dawa ya upara, ilikuwa kondishena ya kuoshea nywele badala ya shampuu. Watu wakaanza kulalamika: muwasho, vipele, nywele kukatika, wengine kubaki na vipara. Julai 2016 FDA ikatoa tahadhari, ikasema imepokea taarifa 127, idadi ambayo haijawahi kuipata kwa bidhaa ya aina hiyo. Halafu wakaguzi walipofika kwa mtengenezaji na muuzaji wakakuta malalamiko zaidi ya 21,000 yamekaa huko huko.

Rudieni kuzisoma hizo namba mbili. Mdhibiti alikuwa na 127, kampuni zilikuwa na zaidi ya 21,000. Na kwa sheria ya wakati ule hakuna aliyevunja chochote, maana mwenye kipodozi hakuwa na wajibu wa kumkabidhi mdhibiti malalamiko ya wateja wake. Wateja walifanya ambacho yeyote angefanya, wakawasiliana na aliyewauzia. Habari ilipotoka tu, taarifa zilizofika FDA zikapanda mpaka zaidi ya 1,300 kabla mwaka haujaisha. Kesi ya pamoja ya wateja ikamalizwa kwa dola zaidi ya milioni 26 bila upande wa pili kukiri kosa.

Sheria ilibadilishwa Desemba 2022. Sasa mwenye kipodozi anatakiwa kuripoti madhara makubwa kwa FDA ndani ya siku 15 za kazi, na kupoteza nywele kwa kiwango kikubwa kumetajwa waziwazi kuwa mojawapo ya madhara hayo. Lakini bado lazima mtu aseme. Usiposema, hakuna cha kuripoti.

Nashusha sehemu ya pili, msiharibu mtiririko.

Kobe_Mjanja

Nimeweka kambi. Ila mzee na hilo jina lako, wewe mwenyewe dawa zilikushinda nini?

MzeeKipara

Sijawahi kupaka hata moja, mkuu. Nimeridhika na utosi wangu, ndiyo maana nina nafasi ya kusoma mafaili.

Tuendelee. Hapo juu ni malalamiko yaliyokwama. Finasteridi inaonyesha kinyume chake, malalamiko yaliyosukuma mpaka maandishi ya kwenye pakiti yakabadilika, ingawa kwa mwendo wa kuchosha.

Dawa hii inazuia kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa DHT, homoni inayosinyaza vinyweleo vya mtu aliyerithi upara. Kwenye majaribio ya awali, 3.8% ya waliomeza walipata angalau tatizo moja la nguvu au hamu ya tendo la ndoa, dhidi ya 2.1% kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani. Tofauti ni ndogo, na watu wakaambiwa ukiacha, mambo yanarudi kama zamani. Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo iliyopigwa na malalamiko. Wanaume wakaanza kuandika: nimeacha, na hali haijarudi.

Mwaka 2012 FDA ikaagiza lebo iseme kwamba matatizo ya hamu, ya kumwaga na ya kufika kileleni yameripotiwa kuendelea hata baada ya kuacha dawa. Mwaka 2017 taasisi inayowatetea waathirika ikapeleka ombi rasmi dawa iondolewe sokoni. Jibu likaja 2022, miaka mitano baadaye: kuiondoa hapana, ila mawazo na vitendo vya kujiua viongezwe kwenye orodha ya yaliyoripotiwa. Uingereza mwaka 2024 wakatangaza kadi ya tahadhari ya kuwekwa ndani ya pakiti. Mei 2025 kamati ya usalama ya Shirika la Dawa la Ulaya ikathibitisha kwamba mawazo ya kujiua ni madhara ya vidonge vya finasteridi, vya miligramu 1 vya nywele na vya 5 vya tezi dume.

Sasa hapa sitaki mtu akimbie na nusu ya habari. Kamati ile ilipitia taarifa za mawazo ya kujiua, 313 zikihusu finasteridi na 13 dutasteridi ambayo ni ndugu yake. Ukijumlisha muda wa watumiaji wote wa finasteridi, makadirio yao yalikuwa kama miaka milioni 270 ya matumizi. Kamati yenyewe ikasema faida bado inazidi hatari kwa matumizi yaliyoidhinishwa. Kwa hiyo ni nadra. Lakini nadra haina maana haipo, hasa kwa kidonge anachomeza kijana mwenye afya yake kwa ajili ya nywele tu. Mgonjwa wa tezi dume anapima hatari dhidi ya ugonjwa. Huyu mwingine anaipima dhidi ya kioo.

DawaAsilia

Mzee acha kutisha watu. Mimi nauza mafuta ya mitishamba, sina kiwanda wala tangazo la televisheni. Wateja wangu hawalalamiki, tena wanarudi kuchukua chupa nyingine. Na nimeweka wazi kabisa kwamba asiyeridhika namrudishia hela yake. Wanaodai warudishiwe ni wa kuhesabu vidole. Kama hayafanyi kazi, wanarudi kufuata nini? Hao wadhibiti wenu wanalinda makampuni makubwa tu.

MzeeKipara

Ndugu yangu, utetezi wako ulishapelekwa mahakamani karibu neno kwa neno. Kampuni iliitwa Pantron I, na bidhaa yake iliitwa Helsinki Formula, shampuu na kondishena yenye polisobeti. FTC, tume ya Marekani inayosimamia biashara ya haki, ikaishtaki kwa matangazo ya uongo. Kampuni ikajibu kwamba zaidi ya nusu ya oda zinatoka kwa wateja waliokwisha kununua, kwamba malalamiko ya maandishi ni machache sana, na kwamba waliodai kurudishiwa fedha hawafiki 3%. Ikaleta na wateja walioridhika wakasimama kutoa ushahidi. Unaona mlivyofanana?

Jaji wa kwanza akawaachia waendelee kusema kwamba inawasaidia baadhi ya watu. Mwaka 1994 mahakama ya rufaa ikapindua. Kama nafuu inayopatikana inatokana na imani ya mtumiaji peke yake, ikasema, basi kutangaza kwamba bidhaa inafanya kazi ni tangazo la uongo, hata wateja wawe wamefurahi namna gani.

Mimi naona walikuwa sahihi kwa sababu rahisi. Ingekubalika vinginevyo, uongo ungejihalalisha wenyewe: kadiri unavyotangaza kwa kishindo ndivyo watu wanavyoamini, na wakiamini unasema unaona, inafanya kazi.

Halafu hilo la "hawalalamiki". Mwanaume amenunua dawa ya upara kimyakimya, mkewe hajui, wenzake kazini hawajui. Imeshindwa. Unategemea aende wapi kusema? Atatupa chupa, atanyoa kipara, maisha yaendelee. Kwenye bidhaa zenye aibu ndani yake, ukimya wa wateja haupimi kitu chochote.

MfamasiaWaZamu

Niongezee hapo alipoishia mleta uzi, maana kuna jambo la kibaolojia linalowabeba sana wauza mafuta.

Nywele nyingi zinazonyonyoka kwa ghafla zinatokana na mshtuko wa mwili: homa kali, uzazi, upasuaji, kupungua uzito kwa kasi. Kunyonyoka hakuanzi siku hiyo, huanza kama miezi miwili au mitatu baadaye, mtu ameshasahau chanzo. Anaona vishungi kwenye mfereji wa bafu, anapata hofu, ananunua chochote. Na mara nyingi hali hii huisha yenyewe ndani ya miezi kadhaa bila dawa yoyote. Nani anapewa sifa? Chupa. Mteja huyo anarudi kununua tena na anatoa ushuhuda kwa moyo mweupe kabisa, hadanganyi hata kidogo.

Na sasa angalieni ahadi ya kurudishiwa hela, kwa kawaida ni siku 30. Unywele unakua kama sentimita moja kwa mwezi. Minoksidili, ambayo inajulikana inafanya kazi, maelekezo yake yanasema ipewe hata miezi minne kabla ya kuamua, na wiki za mwanzo nywele zinaweza kunyonyoka zaidi. Kwa hiyo ahadi ya siku 30 inakufa kabla mtu hajaweza kujua lolote. DawaAsilia, samahani, ila kama una nia njema weka miezi sita.

DawaAsilia

Miezi sita nitafunga duka.

MfamasiaWaZamu

Sawasawa.

MamaPacha

Jamani asanteni kwa uzi. Mimi zilininyonyoka baada ya kujifungua, nikashauriwa bayotini ya dozi kubwa, kopo linasema mikrogramu 10,000. Hiyo si vitamini tu? Ina shida gani?

MfamasiaWaZamu

Dada MamaPacha, hongera kwa pacha kwanza. Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 30 kwa siku na chakula cha kawaida kinampa. Upungufu wa kweli ni nadra. Kwa asiye na upungufu, ushahidi kwamba inaotesha nywele ni dhaifu sana.

Shida yake haiko kichwani, iko maabara. Vipimo vingi vya damu vinatumia bayotini kama sehemu ya kipimo chenyewe, kwa hiyo ikijaa kwenye damu majibu yanapotoka. Vya tezi shingo vinaweza kuonyesha ugonjwa usiokuwepo. Kibaya zaidi ni troponini, kipimo kinachotumika kujua kama mtu amepata shambulio la moyo, kinaweza kusoma chini kuliko ukweli. Novemba 2017 FDA ilitoa onyo juu ya hili, na ndani yake ilitaja kifo cha mgonjwa mmoja ambaye kipimo chake cha troponini kilipotoshwa namna hiyo. Ukienda kupima damu, sema unameza bayotini, hata usipoulizwa. Wengi hawaitaji kwa sababu hawaihesabu kama dawa.

Na hizo za baada ya uzazi, mara nyingi zinarudi zenyewe. Zisiporudi ndani ya mwaka, au ukiona kichwa kinawasha, kinauma, kina makovu au viraka, nenda kwa daktari wa ngozi. Penye kovu kinyweleo kimeshakufa, na hapo kuchelewa kuna gharama.

Kijana_wa_Leo

Mimi yangu ni tofauti. Niliingia tovuti moja (siitaji), nikajibu maswali kama kumi hivi kuhusu nywele, hakuna daktari niliyemwona wala kuongea naye, dawa ya kupuliza ikaja mlangoni: finasteridi na minoksidili zimechanganywa. Nikaja kuona kila mwezi kadi inakatwa. Kujiunga kulikuwa kubofya mara moja, kujitoa unaandikiwa upige simu, simu inakuuliza maswali yale yale ya nywele. Mwisho nilifunga kadi. Hapo kuna mdhibiti anayehusika kweli au ndiyo imekula kwangu?

MzeeKipara

Pole sana mkuu. Hapo una malalamiko mawili yanayokwenda milango miwili, na watu wengi hupoteza yote kwa kuyachanganya.

La kwanza ni la fedha. Hilo ni la wasimamizi wa biashara na benki yako, si la mamlaka ya dawa. Marekani wana sheria ya mwaka 2010 inayotaka muuzaji wa mtandaoni anayekata hela kila mwezi aweke njia rahisi ya kujitoa. FTC ilijaribu kukaza zaidi Oktoba 2024, kwamba kujitoa kuwe rahisi kama kujiunga, lakini mahakama ya rufaa ikaitengua kanuni hiyo Julai 2025, siku chache kabla haijaanza kutumika kikamilifu. Kwa hiyo usidhani hata huko wameshamaliza. Kilichosimama ni kanuni nyingine ya 2024 dhidi ya maoni ya wateja ya kubuni, pamoja na yale yanayotungwa na kompyuta, ambapo faini inaweza kuzidi dola 50,000 kwa kosa moja.

La pili ni la dawa yenyewe. Mfamasia, huo mchanganyiko uzungumzie wewe.

MfamasiaWaZamu

Ndiyo. Aprili 2025 FDA ilitoa tahadhari mahususi kuhusu finasteridi ya kupaka inayochanganywa na maduka ya dawa na kuuzwa kupitia tovuti za matibabu ya mbali. FDA haijathibitisha finasteridi yoyote ya kupaka. Walikuwa na taarifa 32 za mwaka 2019 hadi 2024: uume kutosimama, wasiwasi, huzuni, kukosa usingizi, akili kuwa nzito, mawazo ya kujiua. Baadhi ya walalamikaji walisema hawakuambiwa lolote kuhusu madhara, na wengine waliamini kwamba ya kupaka haiingii mwilini. Inaingia.

Jingine ambalo tovuti hazisemi kwa sauti: inaweza kumgusa mtu mwingine. Mjamzito hatakiwi kuigusa kwa sababu inaweza kuathiri maumbile ya mtoto wa kiume aliye tumboni. Na minoksidili ya kupaka imeleta habari ya ajabu Ulaya. Huko Navarra, Uhispania, wataalamu waligundua watoto wachanga wanaota nywele nyingi mwilini kwa sababu mzazi au mlezi anayepaka minoksidili alikuwa anawabeba, ngozi ikagusana na ilipopakwa dawa. Kugusana kulipokoma, nywele zikaisha baada ya miezi. Mwaka 2024 kamati ya Ulaya ikaagiza onyo liongezwe. Angalieni jinsi lilivyogundulika: mtu aliandika taarifa, mwingine akaona inafanana na ya pili. Hakuna jaribio la dawa ambalo lingempima mtoto wa mtumiaji.

Kobe_Mjanja

Kwa hiyo baba anapaka upara, nywele zinaota kwa mtoto. Hii dunia hii.

MfamasiaWaZamu

Cheka lakini osha mikono. Na mwenye paka asimruhusu kulamba mto wala mikono, minoksidili kidogo tu ni sumu kwa paka.

Chega

Vipi kuhusu chanuo la leza? Nimeona limeandikwa limepitishwa na FDA, na picha za kabla na baada zinashawishi kwelikweli.

MzeeKipara

Chanuo la leza la HairMax lilipata ruhusa ya FDA mwaka 2007, hiyo ni kweli. Lakini lilipita njia ya vifaa, ambayo ni nyepesi kuliko ya dawa. Mtengenezaji anaonyesha kwamba kifaa chake kinalingana kwa kiasi kikubwa na kingine ambacho tayari kiko sokoni kihalali. Habebeshwi mzigo wa majaribio kama ule uliobebeshwa finasteridi. Sisemi leza ni utapeli, kuna tafiti zenye matokeo ya wastani, na nyingi zimelipiwa na wauzaji wenyewe. Nasema tu kwamba ile nembo haina uzito unaoudhania.

Kuhusu picha, zichungulie kwa utulivu. Ya kwanza: nywele zimelowa na kugawanyika, kichwa kimeinamishwa, taa iko juu kabisa ya utosi. Ya pili: nywele kavu, zimechanwa kuelekea mbele, kidevu kimenyanyuliwa, mwanga unatoka upande. Mtu akioga na kujikausha tu anapata "matokeo" hayo asubuhi moja. Picha ya kuaminika ina taa ile ile, umbali ule ule, nywele zimegawanywa pale pale, na ikiwezekana kialama kidogo kwenye ngozi ili wahesabu nywele za eneo lile lile. Matangazoni hutaikuta, maana inaonyesha mabadiliko madogo na haiuzi.

Ngosha_Mtulivu

Wakuu, mimi nameza finasteridi muda mrefu na sina tatizo. Huu uzi umenitia hofu. Niache?

MfamasiaWaZamu

Usiache kwa sababu ya uzi. Kama huna tatizo, zungumza na aliyekuandikia kwa wakati wako. Ukianza kuona huzuni isiyoelezeka, au mawazo ya kujidhuru, hapo ni tofauti: wadhibiti wa Ulaya wanasema anayemeza ya miligramu 1 kwa ajili ya nywele aache na amwone daktari. Mwambie na mtu wa nyumbani, maana mara nyingi wao ndio wa kwanza kuona umebadilika.

Na jambo ambalo wengi hawajui: dawa hii inashusha kipimo cha PSA cha tezi dume kwa takriban nusu. Ukienda kupimwa bila kusema, daktari anaweza kuona namba nzuri ambayo si nzuri.

Kuna na upande mwingine, ni haki niuseme. Mtu akionywa sana juu ya nguvu za kiume, wasiwasi wenyewe unaweza kumletea shida hiyo hiyo. Ndiyo maana taarifa moja haithibitishi kwamba dawa imesababisha. Taarifa nyingi zilizoandikwa vizuri ndizo zinazompa mdhibiti sababu ya kwenda kuchunguza.

Kijana_wa_Leo

"Zilizoandikwa vizuri" ndiyo zipi? Mimi ningeandika "dawa yenu mbaya" basi.

MfamasiaWaZamu

Na wengi huandika hivyo, ndiyo maana zinakaa tu. Andika jina la bidhaa kama lilivyo, na namba ya toleo iliyopigwa chini ya chupa au kwenye mkunjo wa tyubu. Andika ulianza lini, unatumia kiasi gani, tatizo lilianza lini, ukiacha linapungua au la, ukirudia linarudi au la. Taja dawa nyingine zote unazotumia, hata hiyo bayotini. Picha ziwe na tarehe. Chupa usiitupe, kama kuna kilichochanganywa humo ndani bila kutajwa, maabara itahitaji kilichobaki.

Peleka kwa mamlaka ya dawa ya nchi yako. Karibu kila nchi ina fomu ya kuripoti madhara, na mgonjwa mwenyewe anaruhusiwa kuijaza sehemu nyingi, si lazima daktari. Uingereza wana Kadi ya Njano tangu 1964, Marekani wana MedWatch. Taarifa hizi za nchi mbalimbali hukusanywa kwenye hazina ya Shirika la Afya Duniani inayotunzwa Uppsala, Sweden. Taarifa yako moja inaweza kukutana na nyingine ya upande wa pili wa dunia.

Muuzaji mwandikie pia. Ila nakala, awe wa pili.

DawaAsilia

Mmenichosha lakini nimesoma yote. Swali la mwisho. Nikifuta "inaotesha nywele" kwenye lebo nikabakiza "hung'arisha na kulainisha", niko salama?

MzeeKipara

Kwa lebo peke yake, ndiyo. Lakini wadhibiti hawaishii kwenye lebo. FDA huangalia bidhaa inakusudiwa kufanya nini kwa kila unachokisema: tovuti, kurasa za mitandao, na hata shuhuda za wateja ambazo wewe mwenyewe umezichagua na kuzibandika. Barua zao za onyo kwa wauzaji hunukuu maneno hayo moja kwa moja, na mahali yalipobandikwa.

DawaAsilia

Yaani hata ule ushuhuda wa mteja niliouweka juu kabisa ya ukurasa, wa yule jamaa aliyesema kipara kimefunga?

MzeeKipara

Huo ndio wangeanza nao.